Barua ya wazi kwa Spika na wabunge: tujibiwe kwa wakati uliopita

Mheshimiwa Spika, waheshimiwa wabunge,

Kwa walionizidi umri, shikamooni. Kwa waliobaki, ambao kwa miaka yangu ndio wengi, marahaba.

Nilifundisha Kiswahili shule ya msingi kwa miaka 33. Tangu nistaafu nina kazi moja nisiyoikosa: kusikiliza kipindi cha maswali na majibu cha Bunge letu la Tanzania. Ikifika saa 3 asubuhi redio iko juu ya meza, chai ya pili iko pembeni na kalamu nyekundu iko mkononi, maana mazoea ya kusahihisha hayastaafu. Barua hii ni masahihisho hayo. Nimeyaandika kwa heshima zote, ila kwa wino mwekundu.

Mwaka 2014 kijiji chetu kiliamua kujenga zahanati. Sitakitaja, kwa sababu nikikitaja mtanijibu kuhusu kijiji kimoja, na jambo hili si la kijiji kimoja. Zahanati ya karibu ilikuwa kilomita 11, na katikati kuna mto ambao wakati wa masika hauna adabu. Mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha kila kaya ichange shilingi 10,000 pamoja na mawe na mchanga. Mimi nikachaguliwa katibu wa kamati ya ujenzi, eti kwa sababu mwalimu ana mwandiko. Nikanunua kaunta buku yenye jalada jekundu. Ninayo hadi leo.

Ukifungua ukurasa wowote unakuta mambo kama haya: alilipa 5,000, alibakiza 5,000. Alileta mchanga mkokoteni mmoja. Tulinunua saruji mifuko minane, mmoja ulikuwa umeganda, muuzaji aliubadilisha. Kuna mama mmoja mjane ambaye hakuwa na fedha, akaleta jogoo. Tulimuuza jogoo yule mnadani kwa 12,000, tukaandika 10,000 za mchango, na 2,000 tukamrudishia mwenyewe, akaweka dole gumba kuthibitisha kwamba amepokea. Alama ya dole ile ipo, ya buluu, imekwaruzika kidogo upande mmoja.

Kuta zilifika lenta mwaka 2016, michango ikaisha, tukaanza kuingoja Serikali imalizie. Hilo ndilo mnaloliita boma, neno linalotajwa humo bungeni mpaka limezoeleka kama vile ni aina ya jengo, kumbe ni jengo lililokatishwa. Katika chumba tulichokusudia kiwe cha kujifungulia umeota mbarika, umetokeza pale ambapo lingekuwa paa. Watoto wanaochunga huingiza mbuzi humo jua likiwa kali.

Boma letu limeulizwa bungeni mara tatu. Mara ya kwanza, mwaka 2018, redio ya kinyozi ilikuwa wazi, na jina la kijiji liliposomwa watu waliruka: "Tumetajwa!" Mwenyekiti akanunulia watu soda. Nadhani ni mimi peke yangu niliyesikiliza jibu mpaka mwisho, na niliandika nyuma ya kaunta buku: Serikali itatenga fedha. Mwaka 2021 tukaulizwa tena, nikaandika: Serikali imetenga fedha. Mwaka 2024, mara ya tatu: Serikali inaendelea kutenga fedha kwa awamu, kadiri zitakavyopatikana. Safari hiyo hapakuwa na soda.

Waheshimiwa, tazameni vitenzi. Itatenga: wakati ujao. Imetenga: hali timilifu. Inaendelea: wakati uliopo. Kwa miaka sita tumepitishwa nyakati zote tunazowafundisha watoto isipokuwa mmoja. Hatujawahi kusikia -li-. Hatujasikia zilitolewa, zilipokelewa, zilitumika, wala zilirudi.

Ile "imetenga" ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa sababu masikioni mwa mwananchi inasikika kama kazi imekwisha. Kutenga si kutoa. Fedha huandikwa kwenye kitabu cha bajeti, Bunge likaidhinisha, kisha Hazina ikatoa yote, au nusu, au isitoe kabisa. Halmashauri ikapokea Oktoba, au ikapokea Juni wakati mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 ya mwezi huo huo na fundi hata hajapatikana. Safari ina milango mingi na fedha inaweza kulala mlango wowote. Naibu Waziri anaposema "imetenga" yuko mlango wa kwanza, ila sisi tulioko kwa kinyozi tunamsikia kama yuko kwenye kizingiti cha zahanati na funguo mkononi. Wala hajasema uongo. Angekuwa amesema uongo ningekuwa na pa kumkamatia.

Lakini jibu hufuata swali, na hapa kalamu nyekundu inawageukia ninyi mnaouliza. "Je, ni lini Serikali itamalizia boma la zahanati?" "Je, ni lini itajenga barabara kwa kiwango cha lami?" "Je, ni lini itapeleka gari la wagonjwa?" Fungueni Taarifa Rasmi za Bunge za kikao chochote mhesabu wenyewe ni maswali mangapi yanaanza hivyo. Anayeulizwa "ni lini itafanya" ameshachaguliwa wakati wa kujibia, nao ni ujao. Mtoto ukimuuliza utafanya lini hesabu zako, hawezi kukuambia nilipata sita kati ya kumi. Atakuambia kesho, mwalimu.

Kwa kweli maswali mengi ya namna hiyo ni maombi yaliyowekewa alama ya kuuliza. Mbunge amesimama kuliombea jimbo lake, na mwenye kuombwa siku zote ana hiari.

Halafu inakuja nyongeza. Hapa ndipo mahali pa kumbana waziri, kwa sababu swali la msingi alipelekewa mapema na jibu lake aliandikiwa na wataalamu, lakini la nyongeza analisikia pale pale. Kanuni zenu zimewapa silaha, na mnaitumia hivi: "Pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri, nina maswali mawili ya nyongeza." Majibu mazuri yapi? Mara nyingi nimekuwa nimeshaandika sifuri. Kisha swali la pili la nyongeza, ambalo nimelisikia mpaka naweza kulisema pamoja na redio: je, Naibu Waziri yuko tayari kuongozana nami kwenda jimboni akajionee mwenyewe? Naye: niko tayari, tena baada ya Mkutano huu tutapanga. Makofi ya meza. Sina ugomvi na ziara, nasi tukiletewa mgeni tutampokea kwa ngoma. Ila boma halihitaji kuonwa. Limeonwa na mkuu wa wilaya, limeonwa na timu ya halmashauri iliyolipima kwa futi, na limeonwa na wagombea wa chaguzi mbili. Kinachohitaji kuonwa ni karatasi ya benki.

Katiba haikuwaomba mwe waombaji. Ibara ya 63 inasema Bunge ndicho chombo kikuu chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali, na jambo la kwanza inalolitaja katika njia za kutekeleza hayo ni kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Swali lolote! Ukipewa ruhusa pana kiasi hicho ukaishia kwenye "ni lini", ni sawa na mtu aliyekabidhiwa ghala zima akatoka na kibaba.

Mtaniambia siasa ndivyo ilivyo, hasa sasa ambapo wapinzani humo ndani, baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ni wachache mno. Hoja hiyo naielewa lakini siipi alama zote. Tuliosikiliza redio Februari 2008 tunakumbuka. Kamati Teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond, ule wa megawati 100, iliongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa chama tawala, na Spika aliyeiachia nafasi ya kusema, marehemu Samuel Sitta, alikuwa wa chama hicho hicho. Waziri Mkuu, marehemu Edward Lowassa, alijiuzulu, na mawaziri wengine wawili nao wakajiuzulu. Novemba 2014 ilipowasilishwa ripoti ya kuchotwa kwa fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300, mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali alikuwa Zitto Kabwe wa upinzani, ndiyo, lakini makamu wake aliyesimama naye bega kwa bega alikuwa marehemu Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa, CCM. Mwanasheria Mkuu alijiuzulu mwezi uliofuata.

Siwataji ili mwone haya. Nawataja kwa sababu ya sarufi. Katika mijadala ile miwili sikusikia "ni lini". Nilisikia nani aliidhinisha, nani alilipa, nani alipokea, barua iliandikwa tarehe ngapi. Zilikuwa -li- tupu kuanzia asubuhi hadi usiku. Siku zile dukani kwa kinyozi hakuna aliyenyoa.

Niseme na hili la shilingi, maana wajukuu huniuliza. Bajeti ya wizara ikifika kwenye Kamati ya Matumizi, mbunge asiyeridhika husimama akasema anashika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apate maelezo ya kutosha. Ni utaratibu mzuri, na una mzaha wa kiungwana ndani yake: shilingi moja, kitu ambacho leo hata mtoto hawezi kununulia pipi, inasimamisha wizara. Lakini nimefuatilia shilingi hizo kwa miaka mingi. Waziri anainuka, anasema hoja ya mheshimiwa ni ya msingi na Serikali itaifanyia kazi, mheshimiwa naye anainuka, anashukuru, anarudisha shilingi. Mara chache ikafika kwenye kura, ikashindwa. Kisha saa inakwenda, muda unakwisha, na mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mpigo mmoja. Bajeti ya mwaka 2025/26 iliyoidhinishwa na Bunge lililopita ilikuwa shilingi trilioni 56.49. Jogoo wetu alijadiliwa muda mrefu kuliko baadhi ya mafungu hayo.

Sasa kuhusu CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hapa kidogo -li- ipo, kwa sababu mkaguzi hawezi kukagua wakati ujao. Ila tazameni kalenda. Mwaka wa fedha 2021/22 uliisha Juni 30, 2022. Ripoti ya ukaguzi wake ilifika kwa Rais mwishoni mwa Machi 2023, ikawekwa mezani Aprili, na taarifa za kamati zenu zikajadiliwa na Bunge zima Novemba 2023. Ni miezi 16 tangu vitabu vifungwe. Kwa muda huo mhasibu amehamishwa, mkurugenzi amestaafu, na kamati inamhoji mtu aliyeripoti kazini wiki iliyopita, ambaye kwa haki kabisa anajibu: mheshimiwa mwenyekiti, mimi ni mgeni.

Na tafadhali tuelimisheni kuhusu hati safi. Halmashauri ikipata hati safi gari la matangazo hupita mitaani. Wengi wetu tunadhani maana yake hakuna kilichoibwa na kila kilichojengwa kimejengwa vizuri. Hati safi maana yake hesabu zimeandikwa inavyotakiwa na zinaaminika. Unaweza kuwa na hati safi na darasa linalovuja. Sakafu mbovu iliyolipiwa kwa risiti halali itapata hati safi.

Mwishoni mwa 2018 Profesa Mussa Assad, akiwa CAG, alisema kwamba ripoti kutofanyiwa kazi na Bunge ni udhaifu. Neno hilo liliwauma, akaitwa kwenye Kamati ya Maadili Januari 2019, na Aprili 2 mwaka huo Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Mimi nimesahihisha insha nyingi sana na najua tofauti ya neno kali na neno lisilo sahihi. Mwanafunzi akiniudhi bado jibu lake nalisoma. Bunge lile lilishughulika na nomino, kitenzi kikabaki pale pale: ripoti hazikufuatiliwa ipasavyo.

Basi naomba nini? Naomba kitu kidogo ambacho kamati yetu ya kijiji ilikuwa nacho. Naomba daftari.

Kila siku ya maswali, mawaziri humo ndani wanatoa ahadi. Zikitolewa zinaandikwa kwenye Taarifa Rasmi, na baada ya hapo mwananchi hana njia ya kujua ipi ilitimia. Pengine kuna jalada katika ofisi fulani. Sisi hatulioni. India waliona tatizo hili zamani: bunge lao la chini, Lok Sabha, lina Kamati ya Ahadi za Serikali tangu 1953. Waziri akisema "nitalifuatilia" au "tunalifanyia kazi", maneno hayo huhesabiwa kuwa ahadi, inaandikwa, na Serikali inapaswa kuitekeleza ndani ya miezi mitatu au kueleza kwa nini imeshindwa na kuomba muda. Karibu zaidi, majirani zetu wa Uganda wana kamati ya bunge ya kufuatilia ahadi za Serikali. Sisi ambao ahadi zetu zinatolewa kwa lugha inayoeleweka na bibi na mjukuu, tungeweza kuwa na daftari linalosomeka kuliko la mtu yeyote.

Liwe na safu chache tu: ahadi yenyewe kwa maneno ya waziri, tarehe, kiasi kilichotajwa, kiasi kilichotoka Hazina na tarehe kilipotoka, na kilichofanyika. Lipangwe kwa jimbo na halmashauri, liwekwe wazi, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata kando ya matangazo ya chanjo, maana si kila mtu ana bando. Mwanzo wa kila Mkutano wa Bunge, kabla ya swali la kwanza, waziri asome zile ambazo safu yake ya mwisho iko tupu. Asisome zote, tutalala. Asome tupu tu.

Najua litaonekana dogo. Mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitaonyesha tena moja kwa moja mijadala yote ya Bunge, sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Daftari halina gharama ya mitambo. Kaunta buku yangu ilinunuliwa kwa fedha ya mchango, na risiti yake imebandikwa ukurasa wa kwanza.

Na wakati mnalifikiria hilo, kila mbunge anaweza kubadilisha swali lake bila kubadilisha kanuni hata moja. Ninyi mna orodha ya fedha zilizotengwa mwaka jana, mliipitisha wenyewe. Ulizeni kuhusu hizo. Mbunge wa chama tawala anayeuliza fedha zilitoka lini hajaipinga Serikali yake. Kiwango kinachotajwa mara nyingi kwa kumalizia boma moja la zahanati ni shilingi milioni 50; ni fedha inayoweza kufuatwa hatua kwa hatua mpaka kwenye bati la mwisho, kama mtu akitaka kuifuata.

Yule mama wa jogoo bado yupo. Mwaka jana mkwe wake alipelekwa kujifungua kwa bodaboda usiku, mto ukiwa umejaa, wakazunguka. Mtoto na mama wote wazima, nashukuru Mungu. Kesho yake alinipitia nyumbani akaniuliza kama ile kaunta buku bado ninayo. Nikamwonyesha dole lake. Akalitazama, akasema, "Lihifadhi, mwalimu," akaenda zake shambani.

Nimeandaa swali. Mbunge yeyote ruksa kulichukua, sidai hata kutajwa:

Je, kati ya fedha ambazo Serikali ilisema bungeni mwaka 2021 kwamba imezitenga kwa ajili ya kumalizia maboma ya zahanati, shilingi ngapi zilitoka Hazina, zilitoka tarehe gani, zilipokelewa na halmashauri zipi, na zilitumika kwenye boma lipi? Kama kuna zilizobaki, zilirudishwa wapi?

La nyongeza ninalo moja. Nitaliuliza nikishasikia jibu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu mstaafu, katibu wa zamani wa kamati ya ujenzi wa zahanati